Seva ya Nane

Tarehe 1 Agosti 2012 ilikuwa Jumatano. Saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za New York, Soko la Hisa lilifunguliwa kama kawaida. Kwetu ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, Ramadhani imeingia kumi la pili, na pale Kariakoo watu wanachagua magimbi na tende za futari. Aliyetoka nyumbani muda huo kwenda sokoni huenda alikuwa hata hajapanda daladala ya kurudi, na tayari kampuni moja ya udalali wa hisa, Knight Capital, ilikuwa imeshajiingiza kwenye hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Ilichukua dakika 45. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyevamia mfumo kutoka nje. Fundi mmoja alikuwa amenakili programu mpya kwenye seva saba, na seva zilikuwa nane.

Mafundi wetu wana neno la kazi hii: kupandisha. Unaandika mabadiliko kwenye kompyuta yako, unayajaribu, yanakubali, kisha unayapandisha kwenye seva ambayo wateja wanaitumia. Chuoni tunafundishwa miaka mitatu, minne, namna ya kuandika programu. Namna ya kuipandisha tunajifunza usiku, kwa simu, kutoka kwa mtu aliyechoka. Ndiyo maana naanza sura hii na Knight, kwa sababu msimbo wao mpya haukuwa na kosa lolote. Ulikosewa njiani.

Makao ya Knight yalikuwa Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson, na karibu asilimia 10 ya biashara yote ya hisa zilizoorodheshwa Marekani ilipitia mikononi mwake. Mfumo wake mmoja, SMARS, ulikuwa na kazi ya kupeleka oda sokoni. Oda kubwa inaingia, iite oda mama. Mfumo unaikata vipande, oda watoto, na kuvitawanya kwenye masoko mbalimbali. Watoto wakirudi na hisa za kutosha, mama anafungwa. Siku hiyo ya Agosti Mosi, Soko la New York lilikuwa linaanzisha mpango mpya kwa ajili ya wawekezaji wadogo, na Knight iliandika msimbo mpya ili nayo ishiriki tangu siku ya kwanza.

Msimbo huo uliandikwa uchukue nafasi ya kipande cha zamani kilichoitwa Power Peg. Kipande hicho kiliachwa kutumika mwaka 2003, lakini hakuna aliyekifuta. Kilibaki ndani ya seva kama cherehani mbovu uvunguni. Waandishi wa msimbo mpya wakafanya jambo ambalo wengi wetu tumewahi kulifanya kwa kubana matumizi: walichukua bendera ya zamani wakaipa kazi mpya. Bendera ni alama ndogo ndani ya oda. Ikipandishwa, inaiambia programu ifuate njia fulani. Ile iliyokuwa ikiamsha Power Peg ndiyo sasa ingeamsha mpango wa wawekezaji wadogo. Kwenye seva yenye msimbo mpya, bendera ilikuwa na maana mpya. Kwenye seva yenye msimbo wa zamani, iliamsha maiti.

Na maiti mwenyewe alikuwa amekatwa kiungo. Power Peg ya awali ilikuwa na hesabu ya kujua oda mama imeshajazwa kiasi gani, ili iache kutuma watoto. Mwaka 2005 hesabu hiyo ilihamishiwa sehemu nyingine ya mfumo, na kwa kuwa Power Peg haikuwa ikitumika, hakuna aliyerudi kuijaribu. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akanunue kilo moja ya sukari, ukamnyima uwezo wa kujua kwamba ameshanunua. Anakwenda, anarudi, anakwenda tena.

Upandishaji ulianza tarehe 27 Julai, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Fundi alinakili msimbo seva kwa seva. Ya nane akairuka. Hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua, na hakukuwa na utaratibu wowote ulioandikwa wa kudai ukaguzi huo.

Asubuhi ya tukio, kuanzia saa mbili na dakika moja, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulianza kutuma barua pepe kwa kundi la wafanyakazi. Zilifika 97, na zilitaja Power Peg kwa jina. Lakini hazikuwa zimetengenezwa kama king'ora. Zilikuwa zile barua za kila siku ambazo mtu huzipita akitafuta jambo la maana. Soko likafunguliwa. Oda mama zikaangukia kwenye seva ya nane, na seva ikaanza kutuma watoto wasio na mwisho. Mfumo ulipozimwa, oda mama 212 zilikuwa zimezaa manunuzi na mauzo zaidi ya milioni 4, katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397.

Katikati ya moto huo walifanya jambo ambalo mimi huwa nalirudia kuliko yote. Waliona tatizo limeanza siku ya msimbo mpya, wakahukumu kwamba msimbo mpya ndio mkosaji, wakauondoa kwenye zile seva saba ambazo zilikuwa sawasawa. Sasa zote nane zikawa na msimbo wa zamani, na bendera bado imepandishwa. Saba zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikaungana na ile moja kumwaga fedha.

Hapo ndipo naona shida yao halisi. Wepesi wa mikono walikuwa nao, maarifa pia. Swali moja tu liliwashinda asubuhi ile: seva ipi ina nini? Mtu anayejua jibu anazima moja na kunywa chai. Asiyejua anakisia, na ubashiri wake unaonekana wa busara kabisa.

Nawaonea huruma kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti hicho, kwa bei ndogo zaidi. Zamani nilifanya kazi kwenye taasisi moja hapa Dar es Salaam iliyokuwa na seva mbili zilizogawana wateja. Hatua za kupandisha zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kwa selotepu, nyingine zimeongezwa kwa kalamu pembeni. Usiku mmoja nikapandisha, nikaweka alama ya vema kila mstari, nikarudi nyumbani. Asubuhi wateja wakaanza kupiga simu: mtu akifungua ukurasa anaona viwango vipya, akiufungua tena anaona vya zamani, akirudia vipya vimerudi. Kaka mmoja wa idara ya mifumo akanipigia.

"Dogo, una uhakika umepandisha zote mbili?"

"Zote, kaka. Nimeweka na vema."

"Hebu ingia ya pili uniambie faili la mipangilio lina tarehe ya lini."

Lilikuwa la mwezi uliopita. Vema niliiweka kweli. Kunakili ndiyo sikunakili. Karatasi ya ukutani haikuwa na njia ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Kupandisha kwa mashine ni wazo la zamani kuliko vijana wengi wanavyodhani. Sun Microsystems ilipotoa utaratibu wa programu za Java za makampuni makubwa, Desemba 1999, ilikuja na kifurushi chake. Programu nzima, kurasa zake, picha, maktaba na mipangilio, inafungwa kwenye faili moja lenye tamati ya WAR au EAR. Ukilitazama ndani ni zip ya kawaida. Uzuri wake ni kwamba hubebi tena mafaili mia tatu ukasahau la mia tatu. Unabeba mzigo mmoja.

Kisha waliotengeneza seva wakaongeza uchawi. Tomcat ina folda iitwayo webapps, JBoss ilikuwa na deploy, GlassFish ina autodeploy. Ndani ya seva kuna mlinzi asiyelala. Kila baada ya sekunde chache, kumi kwa Tomcat, tano kwa JBoss, anachungulia folda hiyo. Akikuta kifurushi kipya, anakifungua na kukianzisha. Akikuta cha zamani kimebadilika, anakizima na kuwasha kipya. Ukifuta, anaiondoa programu. Wewe unadondosha faili tu, mengine utayasikia. Mara ya kwanza kuona jambo hili nilicheka peke yangu kama mjinga.

Kicheko kiliisha nilipopandisha kifurushi kikubwa kupitia mtandao wa polepole. Mlinzi haulizi kama mzigo umeshafika wote. Anaona jina la faili limetokea, ananyakua, anajaribu kufungua zip ambayo nusu yake bado iko njiani, na anakutapikia makosa kurasa mbili. Dawa yake waliigundua wahenga wa mifumo ya Unix: nakili kwanza kwa jina jingine, au mahali pengine kwenye diski hiyo hiyo, kisha ukishakamilisha ubadilishe jina. Kubadili jina ni tendo la mara moja. Faili ama lipo lote ama halipo. JBoss ya toleo la 7, mwaka 2011, ikaliweka jambo hili kwenye utaratibu wa vifaili vya ishara. Ukiwa tayari unaweka kifaili tupu chenye tamati ya dodeploy, yaani sasa pandisha. Seva inajibu kwa kifaili chake: deployed ikifaulu, failed ikishindwa. Ni mazungumzo ya mabubu kwa vikaratasi, lakini ni mazungumzo, na angalau mmoja anakiri kwa maandishi kwamba imeshindikana.

Kulikuwa na ugonjwa mwingine wa siri. Kila mlinzi alipozima programu ya zamani na kuwasha mpya, ya zamani ilitakiwa iondoke kwenye kumbukumbu ya seva. Mara nyingi haikuondoka. Uzi mmoja uliosahaulika ukiendelea kuishikilia, inabaki yote, kama mpangaji aliyehama akaacha makochi na kabati. Ukipandisha mara tano unakuwa na wapangaji watano wa zamani na mmoja mpya chumba kimoja, kisha seva inaanguka ikilalamika kwamba PermGen imejaa. Eneo hilo la kumbukumbu liliondolewa na Java 8 mwaka 2014, ila tabia ya kuacha makochi haikuisha. Hadi leo, nikipandisha, naizima seva nzima nikaiwasha upya.

Wenye seva hizo wenyewe hawakuipenda sana folda ya uchawi kwenye kazi ya kweli. WebLogic huikatalia kabisa ikiwekwa kwenye hali ya uzalishaji. Nyaraka za Tomcat zinaonya kwamba urahisi huo ni urahisi pia kwa mvamizi: akipata njia ya kudondosha faili moja kwenye folda ile, seva itampandishia programu yake bila kumuuliza jina. Na kwa shida ya Knight folda isingesaidia chochote. Kila seva ina folda yake na mlinzi wake. Ukisahau kudondosha kwenye ya nane, mlinzi wa nane atakaa akichungulia folda yenye msimbo wa zamani, ameridhika kabisa.

Kinachohitajika ni mtu wa kusimama juu ya seva zote. Sun hiyo hiyo ilikuwa na mhandisi, Kohsuke Kawaguchi, ambaye mwaka 2004 alianza kuandika chombo cha kumsaidia kujua mapema kama mabadiliko yake yamevunja kazi ya wenzake. Alikiita Hudson. Mwaka 2011, baada ya mvutano na Oracle iliyoinunua Sun, kikahamia jina la Jenkins, na kwa jina hilo utakikuta kwenye mabenki na makampuni ya simu mengi. Mhandisi anahifadhi msimbo. Jenkins anauchukua, anaujenga, anaujaribu, na ukipita anautuma kwenye seva zilizoandikwa kwenye orodha. Orodha ndiyo kiini. Ikiwa na majina manane, yatashughulikiwa manane, na la nane likikataa kujibu, kazi nzima inawekwa alama nyekundu.

Hata hivyo mtu anaweza kumwandikia Jenkins upuuzi ule ule uliokuwa ukutani kwa selotepu. Nimeona skripti zinazonakili faili na kuishia hapo, bila kuuliza kama limefika. Kwangu mimi hatua yenye thamani kuliko zote ni ya mwisho, na ni ndogo. Kila kifurushi kina alama ya vidole: unakipitisha kwenye hesabu ya SHA-256, unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na kikibadilika hata herufi moja ndani, mfuatano unabadilika wote. Baada ya kupandisha, kila seva itoe alama ya kile inachokiendesha, na zilinganishwe. Nane zikifanana, endelea. Zikitofautiana, bendera isipandishwe. Kazi hiyo ni mistari michache ya skripti na sekunde chache za kusubiri, na kule Jersey City ingewaonyesha kosa siku kadhaa kabla ya soko kufunguliwa.

Lakini mashine inafanya sawasawa hata lile lililo baya. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama CrowdStrike ilituma faili dogo la marekebisho kwa kompyuta za Windows za wateja wake. Programu iliyolipokea ilitayarisha maingizo 20. Faili liliitaka ichungulie la 21. Kompyuta zikaanguka na zikiwashwa zinaanguka tena. Kampuni iliondoa faili baada ya dakika 78, na Microsoft ikakadiria mashine zilizoathirika kuwa milioni 8.5. Hapo hakuna seva iliyorukwa. Zote zilizokuwa hewani zilifikiwa, kwa usahihi wa kupendeza, na nyingi zikahitaji mtu wa kuziendea moja moja kwa mikono.

Mpishi wa pilau ya harusi haonji siku ya pili. Anachota kwa upawa, anapuliza, anaonja, ndipo sufuria linakwenda kwa wageni. Mafundi wa mifumo wana utaratibu huo, na wameupa jina la ndege mdogo wa manjano ambaye wachimba makaa ya mawe walishuka naye chini ili awatangulie kunusa hewa yenye sumu. Toleo jipya linapelekwa kwanza kwenye seva moja. Wateja wachache wanaelekezwa kwake, namba zinaangaliwa: makosa, muda wa kujibu, oda zinazoingia dhidi ya zinazotoka. Likitulia, linaongezwa. Likiyumba, mashine yenyewe inawarudisha wateja kwenye toleo la zamani bila kumwamsha mtu. CrowdStrike, baada ya siku ile, ilitangaza kwamba mafaili ya aina hiyo nayo yatasambazwa kwa hatua.

Ila kurudi nyuma kuna mtego wake, na wanaouza vyombo vya kupandisha hawautaji kwa sauti. Programu inarudi, data hairudi. Tuseme toleo jipya limebadilisha safu ya simu ya mteja kwenye hifadhidata, likaigawa kuwa mbili. Saa sita usiku limepanda, saa saba limeleta kasoro, unarudisha la zamani. La zamani linaitafuta safu yake, halioni kitu. Sasa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, ndugu wa lile la seva saba.

Njia ya salama ni ya polepole na inawaudhi wakubwa. Wiki ya kwanza unaongeza safu mpya bila kugusa ya zamani, na programu inaandika kote kuwili. Wiki ya pili inaanza kusoma kutoka mpya. Ukishakaa vya kutosha bila mtu kurudi nyuma, ndipo unaondoa ya zamani, na unaiondoa kweli, si kuiacha uvunguni. Hatua tatu badala ya moja, na katikati ya kila hatua kila toleo linaweza kuishi na jirani yake. Mashine inaweza kuzitekeleza zote tatu. Kuzipanga hivyo bado ni kazi ya mtu aliyekaa na daftari.

Knight iliokolewa kwa muda na wawekezaji walioingiza dola milioni 400 ndani ya siku chache. Julai 2013 iliunganishwa na Getco, jina likapotea. Oktoba mwaka huo Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani ilitoa uamuzi na faini ya dola milioni 12. Ni waraka mkavu, nao ndio ulioweka hadharani zile barua 97, bendera, na hesabu iliyohamishwa mwaka 2005. Lawama zake zote zimeelekezwa kwenye taratibu ambazo kampuni haikuwa nazo. Fundi aliyeruka seva ya nane anatajwa humo kama mmoja wa mafundi wa Knight, bila jina. Nimeusoma mara nyingi nikijaribu kumhesabia kosa lake, na kila mara najikuta nazihesabu zile saba alizozipandisha vizuri, kwa mkono, moja baada ya nyingine.